Sufuria Moja, Matumbo Mawili

Najua wengi wenu mkishalitia jarida mkononi mnakimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho, halafu ule wa mashairi, na insha kama hii mnaiwekea siku ile ambayo hakuna tena cha kusoma. Si neno. Leo nakuomba unipe dakika chache tu, maana haya ninayoyaandika sikuyaokota njiani. Yalitupata nyumbani kwetu hapa Voi na nusura yanitenganishe na mama yangu mzazi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Sisi kitanda hicho tulikilalia, na kunguni wake tunawajua mmoja mmoja.

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka wa 2021, mama alijifungua mapacha. Msichana ndiye aliyetangulia, mvulana akafuata. Majina yao ya ubatizo nayaacha, kwa kuwa nyumbani tuliwaita Kurwa na Doto tu, na hadi leo ukiwaita kwa majina hayo mengine hawageuki. Mtaa mzima ulikuja kuwaona. Mama akapata jina jipya. Badala ya kuitwa kwa jina langu mimi kifungua mimba, akawa Mama Mapacha. Nakiri kwamba niliona wivu kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko wivu.

Ila mapacha hao walizaliwa wakati mbaya. Ukumbuke kwamba mvua za vuli za mwaka wa 2020 zilikuwa zimeshatukosa, na baada yake zikakosa za masika, zikakosa tena za vuli, hivyo hivyo misimu mitano mfululizo hadi vuli ya 2022. Wewe unayetoka Taveta kwenye chemchemi na migomba, au kule juu Wundanyi kwenye ukungu, huenda hukuona makali yake. Sisi wa huku chini nyikani tuliyaona. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Ndovu walitoka Tsavo wakaja hadi vijijini chini ya mlima Sagalla kutafuta maji na kubomoa matangi ya watu. Bomba la maji ya Mzima, lile lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa, lina tawi linalotupa sisi, lakini mfereji wa mtaani kwetu ulikuwa ukitoa hewa siku nyingi kuliko maji. Tulinunua maji ya mkokoteni kwa mtungi. Yalitoka wapi, nani anajua? Mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.

Baba alikuwa utingo wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, na wakati mwingine tulikaa mwezi mzima bila kumwona. Mama alikuwa akiuza mandazi na mboga karibu na stendi. Mapacha waliponyonya miezi sita ya kwanza walikuwa wamenona wote wawili, mashavu kama maandazi ya mama mwenyewe. Kisha wakaanzishiwa uji. Na hapa, msomaji, utie alama: uji ulikuwa mmoja, sufuria moja, mwiko mmoja, na mlishaji mara nyingi alikuwa mimi. Kurwa kijiko, Doto kijiko. Sikumpendelea yeyote.

Walipofika mwaka mmoja na miezi michache, Doto akaanza kuhara. Alipona, akahara tena. Jirani mmoja akatushauri kwamba mtoto anayeendesha asipewe chakula, eti kitazidi kumtoka, basi tukawa tunampa chai ya rangi. Ninapoandika haya mkono wangu unatetemeka, kwa sababu kikombe kile nilikishika mimi. Kufikia Oktoba mwaka wa 2022, Doto hakuwa yule tunayemjua. Nywele zilikuwa nyepesi na nyekundu kama nyuzi za mahindi. Uso ulivimba, miguu ikavimba, hata wageni wakawa wanasema, "Mtoto wenu amenenepa!" Kumbe hakuwa mnene hata kidogo. Hakucheza, hakucheka, hata kulia alilia kama mtu anayefanya kazi ya watu. Na Kurwa je? Kurwa alikuwa akikimbiza kuku uani.

Hapo ndipo maneno ya mtaani yalipoanza. Nyinyi mnaoishi Pwani mnalijua neno kubemenda. Husemwa kwamba mtoto anayenyonya akidhoofika ghafla basi amebemendwa, yaani mzazi wake mmoja amekwenda nje ya ndoa na kumharibia mtoto mwili. Baba yuko safarini, mama yuko stendi hadi jioni. Watu wakajumlisha mbili na mbili wakapata tano. Kwenye foleni ya maji wakawa wakinyamaza mama anapofika. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mapacha wawili, mmoja mzima mmoja hivi? Pana jambo hapo."

Na mimi? Ningependa kukuambia kwamba nilimtetea mama. La hasha! Nilikuwa mtoto wa Darasa la Nane, natayarishwa kwa mtihani wa KCPE, najiona mwerevu kuliko kila mtu. Swali lile la foleni lilinikaa kichwani: kama ni njaa, mbona Kurwa mzima? Jioni moja mama alikuwa amempakata Doto, anamlainishia uji, nami nikasimama mlangoni nikamwuliza, "Mama, kwani ulifanya nini?"

Mama hakunijibu. Alinitazama tu, kisha akachukua pembe ya leso akamfuta Doto mdomo. Ningalipewa fimbo kumi ningalisahau. Ule utazamaji sijausahau.

Kesho yake asubuhi alimbeba Doto mgongoni akaenda hospitali, nami nikafuata nyuma nimembeba Kurwa. Muuguzi alimzungushia Doto mkononi ule ukanda wa rangi tatu: kijani ni salama, manjano ni hadhari, nyekundu ni hatari. Nyekundu huanza mkono unapokuwa chini ya sentimita 11.5. Kisha akaubonyeza mguu wake kwa dole gumba, akaachilia, na shimo likabaki pale pale kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Akasema, "Mama, huu ni utapiamlo mkali, aina ya unyafuzi. Huku kuvimba ni maji, si nyama." Wazungu huuita kwashiorkor, lakini hilo nalo si neno lao, lilitoka katika lugha ya Kiga ya huko Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba miaka ya 1930.

Doto alilazwa. Alianza kwa maziwa maalumu ya kipimo kidogo kidogo, maana mwili uliodhoofika ukijazwa chakula kwa pupa unaweza kufa. Alipewa dawa za kuua vijidudu. Uvimbe uliposhuka ndipo tulipoona alivyokwisha. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Baadaye akapewa zile pakiti za njugu karanga zilizosagwa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ambazo watu huziita plampinati. Chakula cha namna hiyo kilibuniwa mwaka wa 1996 na Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, na kimeokoa watoto wengi mno duniani. Doto alizipenda. Aliongeza uzito, akacheka, tukarudi nyumbani tukiimba.

Lakini pakiti zilipokwisha na tukarudi kwenye uji wetu, baada ya majuma machache uzito ukaanza kushuka tena. Tukarudi kliniki, tukapewa tena, akapanda tena. Mtaani wakasema, "Si tuliwaambia?" Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni bado nilikuwa na lile swali.

*

Mwaka wa 2023 nikaingia Kidato cha Kwanza. Siku moja tukisoma umeng'enyaji wa chakula, mwalimu wetu wa Bayolojia akatuambia kwamba ndani ya mwili wa mtu mzima mmoja mna bakteria wapatao trilioni 38 kwa makadirio, na walio wengi wanaishi katika utumbo mpana. Darasa zima likaguna. Mwenzetu mmoja wa nyuma akauliza, "Hata wewe, mwalimu?" Akajibu, "Hata mimi, na hata mwalimu mkuu, na kesho usiende kumwuliza." Tulicheka hadi kengele ikalia. Lakini kabla hatujatoka akaongeza jambo: wengi wa bakteria hao si maadui, ni wapangaji wanaolipa kodi, na mtoto asipowapata wale wanaofaa kwa wakati unaofaa huenda asikue vyema hata akilishwa.

Nilibaki kitini. Nilimkumbuka Doto.

Likizo ya Agosti ilipofika nikamwendea binamu yangu anayesomea uuguzi. Nilimwuliza maswali mpaka akachoka, akanichapishia makala za utafiti kutoka kwenye intaneti, tukakaa barazani kwa nyanya kule Wundanyi, yeye akisoma Kiingereza na kunifafanulia, mimi nikiandika kwa Kiswahili. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata. Usiogope, sitakutia majina ya Kilatini mengi. Kuna moja tu na nitalieleza.

Mtoto akiwa tumboni, utumbo wake ni kama nyumba mpya isiyo na wakazi wa maana. Siku anayozaliwa ndipo wageni wa kwanza wanapoingia: wengine kutoka kwa mama anapopita njia ya uzazi, wengine kutoka ngozini mwa mama, mikononi mwa wanaompokea, na hewani. Kisha linakuja ziwa la mama. Na hapa pana ajabu ambayo mimi ilinishangaza kuliko zote. Maziwa ya mama yana sukari za namna fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kabisa kuzimeng'enya. Sasa mama anatengeneza kwa shida chakula ambacho mwanawe hakili, cha nini? Kumbe ni cha wale wageni! Kuna bakteria waitwao bifidobakteria, ambao Mfaransa Henri Tissier aliwagundua katika vinyesi vya watoto wanaonyonya mwaka wa 1899. Hao ndio wanaokula sukari zile, wakanawiri, wakatengeneza asidi inayowafukuza bakteria wabaya. Kwa hiyo mama anyonyeshapo analisha watoto wake wawili: yule unayemwona na lile jeshi usiloliona.

Mtoto akianza kula uji, kunde, ndizi na mboga, wakazi wale wa kwanza hupungua na wapya huingia, wale wanaojua kuvunja nyuzinyuzi za mimea. Kidogo kidogo jamii ile hukomaa. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2012, uliopima watu 531 wa Malawi, Venezuela na Marekani, ulionyesha kwamba mtoto akifika umri wa miaka mitatu hivi, jamii ya bakteria wake huanza kufanana na ya mtu mzima. Basi miaka mitatu ya kwanza ndiyo shule yao. Wakihitimu vyema wanafanya kazi nne kubwa: wanamalizia kusaga yale tuliyoshindwa, wanatengeneza baadhi ya vitamini, wanaulisha ukuta wa utumbo, na wanaifundisha kinga ya mwili kumtambua adui na kumwacha rafiki.

Je, kwa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo mambo yakoje? Wanasayansi wa Dhaka, Bangladesh, wakishirikiana na kundi la Profesa Jeffrey Gordon wa huko St. Louis, Marekani, walikusanya vinyesi vya watoto wazima mwezi baada ya mwezi tangu kuzaliwa. Ndiyo, msomaji, walikusanya choo! Kumbe kazi ya msomi si kuvaa tai tu. Wakapata aina 24 za bakteria ambazo ukizitazama unaweza kukisia umri wa mtoto, kama vile unavyokisia kwa kuhesabu meno. Kisha wakapima watoto wenye utapiamlo mkali. Wakaona kwamba jamii zao zilikuwa changa kuliko umri wao: mtoto ana mwaka na nusu, lakini utumbo wake una wakazi wa mtoto mdogo zaidi. Na walipotibiwa kwa vyakula maalumu, jamii hiyo ilikomaa kidogo, halafu ikarudi nyuma. Matokeo hayo yalitolewa mwaka wa 2014.

Binamu yangu aliposoma "ikarudi nyuma", tulitazamana. Pakiti za Doto!

Lakini makala iliyonifanya niinuke barazani nikatembee peke yangu ni ile ya Malawi, iliyotolewa mwaka wa 2013. Watafiti walifuatilia mapacha jozi 317 hadi walipofika miaka mitatu. Unajua walichokiona? Karibu nusu ya jozi hizo zilibaki na afya njema. Lakini asilimia 43 zilikuwa za namna ya kwetu: pacha mmoja mzima, mwenziwe amepatwa na utapiamlo. Mama mmoja, nyumba moja, sufuria moja. Asilimia 43! Sasa niambie, mama wote hao wa Malawi walifanya nini?

Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua bakteria wa pacha mgonjwa na bakteria wa pacha mzima wakawaweka katika matumbo ya panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja. Panya wakalishwa chakula cha Kimalawi, chenye mahindi mengi. Baadhi ya panya waliopewa bakteria wa wagonjwa wa unyafuzi walikonda vibaya sana, kuliko wale wa pacha mzima, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Walipopewa chakula cha njugu wakapata nafuu. Waliporudishwa kwenye mahindi, hali ikaharibika tena. Kwa hiyo si bakteria peke yao, wala si chakula duni peke yake. Ni viwili hivyo vikikutana katika tumbo moja, kama kiberiti na mafuta ya taa.

Sitaki nikudanganye, msomaji, kwamba kila kitu ni bakteria. Njaa ni njaa. Mtoto asiye na chakula atadhoofika hata awe na bakteria wa dhahabu. Na maji machafu yana sehemu yake: mtoto anayemeza vijidudu kila siku, vile vijinyweleo vya utumbo wake vinavyofyonza chakula hulala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na ukuta ukaanza kuvuja. Akihara, chakula hakikai, wakazi wema wanasombwa, na wabaya wanapata nafasi. Akikosa chakula, kinga inashuka, anahara tena. Ni gurudumu. Doto aliingia katika gurudumu hilo na Kurwa akaponea chupuchupu. Kwa nini yeye na si dada yake? Huenda Doto alikunywa kikombe kimoja cha maji mabaya ambacho Kurwa hakukinywa. Huenda chai ile ya rangi niliyompa, badala ya uji, ndiyo iliyomsukuma. Sitajua kamwe, na hilo ni langu la kubeba.

Usidhani kwamba mambo haya yanapimwa ughaibuni tu. Majirani zetu wa Kwale, ambao tunapakana nao, walishiriki. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich, Uswisi, pamoja na Wakenya, waliwafuata watoto 115 wa miezi sita waliokuwa wakinywa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi kwa miezi minne. Wengine walitiwa na madini ya chuma, wengine bila. Chuma ni dawa ya upungufu wa damu, sivyo? Lakini mwaka wa 2015 walieleza kwamba chuma kile, hasa kipimo kikubwa cha miligramu 12.5, kiliwalisha pia bakteria wabaya. Watoto asilimia 27.3 wa kundi hilo walihitaji kutibiwa kuhara, ilhali wenzao ambao hawakupewa chuma walikuwa asilimia 8.3. Miaka miwili baadaye, huko huko Kwale, wakapunguza chuma na kuongeza sukari inayofanana na zile za maziwa ya mama, na madhara yakapungua. Tafadhali usiende nyumbani ukamwambie mama akatae dawa ya damu ya kliniki! Upungufu wa damu unaua. Funzo ni kwamba ukimlisha mtoto kumbuka una wageni mezani, na si wote wanaokuombea heri.

Nyanya alikuwa anatusikiliza muda wote huku akichambua kunde. Akauliza, "Sasa hao wasomi wameona dawa ni nini?" Binamu yangu akamwambia habari ya mwaka wa 2021 kutoka Dhaka: watoto 123 walioanza kudhoofika waligawanywa, wengine wakapewa chakula cha msaada cha kawaida, wengine chakula kipya kilichochaguliwa ili kuwalisha bakteria wanaokosekana. Kilikuwa na dengu, soya, njugu karanga na ndizi mbichi. Kile kipya kilikuwa na nguvu kidogo kuliko cha kawaida, lakini watoto waliokila waliongezeka uzito upesi zaidi.

Nyanya akacheka hadi akajishika mbavu. "Ndizi mbichi na jamii ya kunde? Si mnaongea habari ya kimanga?" Nikamweleza kwamba kimanga chetu hakijapimwa na mtu, na kwamba dengu si kunde, na kwamba mtoto mgonjwa kama alivyokuwa Doto lazima apelekwe hospitali, si jikoni. Akasema, "Sikukataa hospitali. Nasema tu, wajukuu wangu walilishwa uji mweupe tupu mjini ilhali ndizi za Taveta zinapita hapo barabarani kwa malori." Hapo sikuwa na jibu. Nyanya ameninyamazisha mara nyingi, lakini ile ilikuwa na uzito wake.

*

Niliporudi Voi nilimkuta mama uani anaosha masufuria. Nilikuwa nimejipangia hotuba ndefu, lakini nilipomwona ikayeyuka yote. Nikachuchumaa, nikachukua sufuria moja nikaanza kusugua. Nikamwambia habari ya mapacha wa Malawi: jozi 317, asilimia 43. Nikamwambia habari ya bakteria, maji, panya na pakiti zile. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Kwa hivyo si mimi?"

Msomaji, mwaka mzima nilidhani ni mimi tu niliyekuwa na swali moyoni. Kumbe mama naye alikuwa akijiuliza usiku na mchana alifanya nini. Hakukosa lolote, lakini maneno ya watu yakirudiwa sana hata asiye na hatia huanza kujipekua. Na swali langu la mlangoni ndilo lililofunga mlango.

"Si wewe, mama," nikamwambia. "Nisamehe."

Akaendelea kusugua sufuria. Baadaye akasema, "Ulikuwa mtoto." Halafu akaongeza, "Lakini hao wa kule kwenye maji si watoto. Wewe unajua kuandika. Waandikie."

Basi hii ndiyo barua yangu, nami naileta kwenu kupitia jarida la Chama cha Kiswahili, maana ningeiandika kwa Kiingereza wale wa foleni ya maji wasingeisoma.

Doto sasa ana miaka minne. Anacheza, anaimba, anagombana na Kurwa kutwa. Lakini ukiwasimamisha pamoja, Kurwa anamzidi karibu nusu kichwa. Watu huuliza, "Huyu ni mdogo wake?" Mama hujibu kwamba ni pacha wake, na siku hizi hainamishi uso anapojibu. Wapo wengi kama Doto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni nafuu, kwani mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 26. Lakini asilimia 18 ni karibu mtoto mmoja katika kila watano. Hesabu nyumba tano za mtaani kwenu.

Kabla sijaweka kalamu chini, niruhusu nitoe nasaha chache, maana wenye ndugu wadogo ni wengi humu shuleni. Mtoto anyonye ziwa la mama peke yake miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila hadi miaka miwili au zaidi. Uji mweupe peke yake si chakula. Utiwe njugu, maharagwe, yai, au chochote chenye rangi. Maji ya mkokoteni yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto akihara asinyimwe chakula kamwe. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki kutoka zahanati, na azidi kunyonya na kula. Usimnunulie dawa za kuua bakteria dukani kwa kukisia, kwani dawa hizo haziulizi nani mwema nani mbaya. Na ukiona miguu inavimba, usiseme amenona. Mkimbize hospitali.

Na la mwisho, ambalo halimo katika makala ya msomi yeyote: ukimwona mama amebeba mtoto aliyedhoofika, usimwulize alifanya nini. Mwulize akusaidie vipi kumbebea.

Hapo natua, msomaji wangu. Tukijaliwa tuonane tena katika toleo la mwaka ujao. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu